Namba Kwenye Taa za Duara

Kabla hujashika nyundo, shika kitambaa. Kipande cha khanga kuukuu kinatosha, ile iliyofuliwa mpaka maua yamefutika. Kitandike juu ya bati la gari, halafu pitisha kiganja juu yake taratibu huku macho yako yakiangalia kwingine. Kiganja kitupu kinanata kwa jasho na kinakudanganya. Kikiwa na kitambaa chini yake, kinakwambia wapi pamebonyea na wapi pamevimba. Nilifundishwa hilo na marehemu fundi Kilindo siku yangu ya kwanza mtaa wa Gerezani, nikacheka, maana nilikuja kujifunza kunyoosha bodi za magari na mtu ananipa khanga ya mkewe. Alinizaba kofi la kisogo. Leo nawaambia ninyi jambo lilelile, na bahati yenu mkono wangu hauna nguvu tena.

Mnanijua. Babu Puti, yule wa uani nyuma ya maduka ya spea, ukitoka Msimbazi unakunja tu. Kazi yangu ilikuwa kunyoosha na kupiga rangi, na nimeifanya mpaka kifua kikagoma. Daktari kasema harufu ya thina ya kuchanganyia rangi basi, kwa hiyo nimebaki na mdomo. Mnaniuliza kila mara kazi gani ilinitoa jasho kuliko zote, na najua mnangoja niseme basi lililopinduka au lori lililoingia mtaroni. Hapana. Ilikuwa kibonyeo kidogo tu, sahani ya kikombe ingekifunika, tena kwenye gari jipya, mwaka wangu wa mwisho kazini.

Lilipoingia uani mimi sikujua kama ni jipya. Niliona taa mbili za duara, zinakutazama usoni kama magari ya ujana wangu. Jina la kiwanda limeandikwa kwa herufi kubwa puani, siyo kile kinembo cha siku hizi. Rangi ya chai yenye maziwa mengi, paa jeupe, matairi makubwa ya kupandia milima. Nikamwambia rafiki yangu Athumani aliyekuwa amekaa getini, "Angalia, shangazi yetu kafufuka." Nikafungua mlango nipige porojo na dereva, nikakuta kioo cha kompyuta kikubwa kama sinia, kamera kila kona, na viti vya ngozi ya kahawia bado vinanukia upya.

"Ni toleo maalumu, mzee," dereva akaniambia. "Yametengenezwa machache, kwa kuyakumbuka yale ya zamani."

"Yaani wamechukua gari la leo wakalivisha kanzu ya babu yake."

Hakucheka. Funguo alikuwa anazihamisha mkono huu hadi huu. Jina lake Yohana, mtu wa Masasi, kijana wa miaka thelathini na ushee, shati limepigwa pasi vizuri na limeloa mgongo mzima. Alinipeleka upande wa kushoto akanionyesha mlango wa nyuma. Chini ya kitasa pamebonyea, na juu ya bonde hilo mkwaruzo umekata rangi mpaka praima, ile rangi ya chini. Mpini wa mkokoteni. Sikuhitaji kuambiwa, nimenyoosha vibonyeo vya mipini ya mikokoteni ya Kariakoo maisha yangu yote.

"Shikamoo, mzee," akasema, kama vile ndiyo kwanza amekumbuka.

"Marahaba. Unalitaka lini?"

"Saa kumi jioni niko bandarini. Boti ya Unguja inaingia, nampokea mama."

Ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi.

Sasa nisikilizeni, wanangu, kabla sijasema nilichofanya, mjue kilichokuwa mezani. Mama huyo ni Bi. Rehema wa Upanga, muuguzi mstaafu. Enzi zake alikuwa anazunguka na kliniki ya gari vijiji vya Liwale, anachanja watoto, na gari aliendesha mwenyewe dereva akiugua. Wanawe waliopo nje wameona picha yake ya zamani, kasimama ameegemea gari la kliniki lenye taa za duara. Wakachangishana, wakamletea hili linalofanana nalo. Halafu wakamkataza kuliendesha, eti umri. Wakamwajiri Yohana, na mtoto mkubwa akampa sharti moja tu kwenye simu: gari hili lisikanyage Kariakoo. Siku likikanyaga, acha funguo mezani, ondoka.

Na Yohana alikanyaga. Mama mkwe wake alikuwa amefika kwa basi kutoka Masasi, mama ambaye hakuwahi kuamini kwamba bintiye kaolewa na mtu mwenye kazi. Yohana akaona Bi. Rehema yuko Unguja kwa dada yake, gari limekaa tu chini ya turubai lake, akampakia mkwe akampeleka hadi kwa ndugu zake Kariakoo, vioo vimeshushwa, watu wanageuka. Mkwe alishuka anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu harusi. Yohana alipokuwa anakata kona kutoka, mkokoteni wa marobota ya mitumba ukamponyoka mwenye nao, mpini ukaingia mlangoni. Basi.

"Nilikaa bila kazi mpaka mke wangu akaacha kuniuliza nimekula wapi," akaniambia. "Nikiikosa hii, mzee, mimi Dar sina tena la kufanya."

"Na huyo mama, gari analipenda?"

"Analiangalia. Anakaa ndani, anashika usukani, anashuka. Anasema zuri, ila si lile."

Nikavua saa nikaiweka kwenye kopo la misumari. Huwa sifanyi kazi nikiwa na saa mkononi, inakwaruza bati, na siku ile sikutaka kuiona pia.

Gari jipya usiliguse kabla hujachomoa betri. Liandikeni hilo mlangoni kwenu. Fundi mmoja wa ua wa jirani aligonga mlango wa gari la mteja betri ikiwa imeunganishwa, mifuko ya hewa ikamlipukia usoni, akakaa wiki nzima anasikia ngoma masikioni na anajibu maswali ambayo hajaulizwa. Nikachomoa betri, nikangoja kidogo, halafu nikaanza kutoa kava la ndani la mlango. Zile pini za plastiki zinazoshika kava, moja ikivunjika kwenye gari la kawaida unavuka barabara unanunua nyingine. Za gari hili hazipo nchini. Kila moja ilipolia taki nilisimama kupumua. Yohana alikuwa anapumua pamoja na mimi, yuko nyuma ya sikio langu, mpaka nikashindwa.

"Nenda kwa mama ntilie ukanywe chai."

"Siwezi kunywa kitu, mzee."

"Basi nenda ukaiangalie. Hapa unaniondolea hewa."

Akaenda. Nikaingiza chuma changu kwa ndani, kile kilichopinda kama kijiko, nikalisukuma bati kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati. Vijana mnapenda kuanza katikati kwa sababu ndipo panapoonekana. Ukianza katikati bati linanyooka kwa hasira na kuacha kivimbe ambacho hutakimaliza. Khanga nje, kiganja juu yake, macho ukutani. Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimeshanyoosha, nimepaka puti nyembamba kama siagi ya masikini, nimepiga msasa, nimepuliza praima. Nilijisikia fundi. Nawaambia ukweli, nilipiga mluzi.

Rangi ndiyo iliyonikatisha mluzi. Rangi ile haina chenga wala lulu ndani yake, ni tupu, na nyinyi mnadhani rangi tupu ndiyo rahisi. Yenye chenga inang'aa inaficha makosa yako. Tupu haifichi kitu. Nikachanganya kwa jicho nyeupe, njano kidogo, tone la nyeusi, tone la nyekundu, kama nilivyochanganya miaka yote. Kivulini ikakubali. Nikaitoa juani, ikawa uji wa mtama pembeni ya chai ya maziwa. Nikachanganya tena, ikakimbilia kwenye kijani. Jasho likanidondokea ndani ya kopo.

Ikabidi nimeze kiburi. Nikafungua kifuniko kidogo cha tangi la mafuta, kile kinachochomoka, maana ndicho kipande unachoweza kutembea nacho bila kulipeleka gari zima, nikakifunga kwenye gazeti nikaenda dukani kwa Zuhura, muuza rangi. Zuhura ana mashine. Unaibandika kwenye rangi, inasoma, inakwambia gramu ngapi za nini. Nilikuwa nimeisema vibaya mashine ile mbele ya watu, nikisema jicho halihitaji umeme.

"Leo Babu Puti kaja mwenyewe," Zuhura akasema, akakipokea kifuniko. "Jicho limekatika umeme?"

"Pima, mwanangu, nitukane baadaye."

Akapima. Ikatoka sawasawa, mara ya kwanza. Nilisimama juani mbele ya duka lake nikiangalia kadi ya rangi na kifuniko vimelala pamoja na sikuona mpaka. Nikalipa. Kuna watu wa rika langu bado wanagombana na mashine zile, na mimi nawaambia wasijichoshe.

Nilirudi nikipita katikati ya wachuuzi, kopo nimelikumbatia kifuani, nikisema samahani, samahani, kila mtu siku hiyo alikuwa na mzigo mkubwa kuliko mtaa. Nikaingia uani. Nikasikia mlio mwembamba, ziii, ziii, kama mbu kwenye chandarua.

Sasa inabidi niwaeleze Athumani. Athumani Kalamu ni rafiki yangu tangu ujana, na kazi yake ni kuchora namba za gari kwenye vioo na taa, kwa kimashine chenye ncha inayozunguka. Bongo hii, gari likilala nje na vioo visivyo na namba, asubuhi unavikuta vinauzwa mtaa wa pili, na ukizubaa unauziwa wewe mwenyewe. Kioo chenye namba ya gari la mtu, mwizi hakimfai. Mwenye gari jipya mwenye akili, kabla hajalizungusha mjini analileta kwa Athumani kwanza. Na Athumani ana mwandiko mzuri kuliko masheikh wengine.

Alikuwa amepiga magoti mbele ya gari la Bi. Rehema, amevaa miwani yake, anapuliza unga wa kioo kutoka kwenye taa ya pili. Ya kwanza ilikuwa tayari. Namba zote na herufi zake, zimepinda kufuata duara, safi, haziyumbi.

"Athumani. Unafanya nini?"

Akageuka anatabasamu. "Nimemkuta dereva kaenda kwa mama ntilie, nikasema mgeni wako nimfanyie bure. Taa za namna hii, Puti, nimeziuliza maduka yote, hazipo. Wakiziiba hizi huyo mama atatembea kipofu. Nimalizie vioo vya pembeni?"

Nilikaa kwenye tairi kuukuu na kopo langu. Ninaweza kunyoosha bati. Ninaweza kupaka rangi usione mahali ilipoanzia. Lakini kilichochorwa kwenye kioo hakifutiki. Ukikisugua, taa inaota ukungu kama jicho la mzee. Na kuzibadilisha haiwezekani, Athumani mwenyewe ameshasema hazipo. Alichotaka kuziokolea ndicho kilichozimaliza. Mtu yeyote wa Dar akiziona taa zile atajua gari limefika Kariakoo na limekaa Kariakoo kitako.

Yohana akarudi. Aliangalia taa moja, akaangalia ya pili, akakaa chini na shati lake la pasi, kwenye mafuta na vumbi, akafunika uso.

Athumani alipoelezwa uso ukampauka kama majivu. Alizima kimashine chake akawa anakishika tu. "Nitaenda mimi," akasema. "Nitamwambia mama ni mimi."

"Ukishamwambia ni wewe atauliza ulilikuta wapi," nikamjibu, na nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili.

Yohana akainua uso. Akasema atamweleza mama kwamba mchoraji alipita Upanga, anatembea nyumba kwa nyumba, akamwita kwa usalama wa gari. Alisema haraka, anaupanga uongo huku anaongea. Nikamwambia mlinzi wa jirani ataulizwa, na dada wa kazi ataulizwa, na wewe mwenyewe utaulizwa mara ya pili na utakuwa umesahau ulivyosema mara ya kwanza. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau.

"Piga rangi, mzee. Mlango walau nimrudishie mzima."

Nikapiga rangi. Mwageni maji sakafuni kabla ya kupuliza, vumbi lilale. Funikeni matairi na vioo. Pulizeni mkono ukitembea, usisimame, na ukingoni fifisha mpaka iishie hewani. Nikapuliza rangi, nikangoja, nikapuliza ile vanishi ya juu inayong'arisha. Ukatoka mlango ambao fundi Kilindo angeutazama akakosa la kusema, na huyo alikuwa na la kusema hata juu ya mbingu.

Halafu nzi akatua.

Katikati kabisa, vanishi bado mbichi. Yohana akanyoosha kidole. Nilimdaka mkono hewani, nikamshika kwa nguvu mpaka akaguna. Nzi akitua kwenye vanishi mbichi mwache afe. Ukimtoa unaondoka na ngozi yote ya rangi, unaanza upya, na sisi hatukuwa na muda wa kuanza upya. Tulisimama watu wazima watatu tukimtazama nzi anavyopiga miguu mpaka akatulia. Jua likakausha. Ilipogusika bila kunata, nikapitisha msasa laini wa maji, ule unaokaribia kuwa kitambaa, nikang'arisha kwa dawa, nzi akaondoka na hakuacha hata mguu. Nikarudisha kava, pini zote zikaingia, betri ikarudi. Nikatazama saa ndani ya kopo la misumari. Ilikuwa saa tisa imeshapita.

Yohana akawasha gari, akakaa tu, mikono kwenye usukani. "Mzee," akasema, "twende wote."

Ningeweza kukataa. Kazi yangu ilikuwa mlango na mlango ulikuwa tayari. Nilipanda kwa sababu niliona kama asingefika peke yake.

Pale bandarini alifanya jambo moja nililomwonea huruma. Aliegesha gari pua ikielekea ukutani, karibu kabisa, ili taa zisionekane. Watu walianza kutoka, wapagazi wakiita, mizigo, vikapu vya karafuu na maembe ya Unguja. Bi. Rehema alitoka polepole, mwembamba, mrefu, kilemba cheupe, kikapu mkononi. Nikashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu nani, Yohana?"

"Ni fundi, mama."

"Fundi wa nini? Gari limekuwaje?"

Yohana akapokea kikapu, akafungua mlango wa nyuma, ule ule wangu, akakiweka ndani, akaufunga. Bi. Rehema aliutazama na hakuona kitu. Nilidhani tumepona. Lakini yule mama alikuwa na desturi yake, nadhani kaitoa Liwale, huko ambako gari likikuharibikia porini unalala nalo. Kabla hajapanda alilizunguka. Aligusa tairi la nyuma kwa ncha ya kiatu. Akapitisha mkono ubavuni, juu ya mlango wangu, juu ya mlango wa mbele. Akafika mbele, pale ambapo kati ya gari na ukuta mtu hapiti, akapita kiubavuubavu hivyo hivyo. Akainama.

Tulisimama tunamsubiri. Honi ya boti ililia nyuma yetu nikaruka.

"Nani kaandika hapa?"

Uongo wa Upanga ulikuwa tayari mdomoni mwa Yohana, niliuona.

"Niliingia nalo Kariakoo, mama," akasema. "Nilimpeleka mama mkwe wangu. Mkokoteni ukanigonga mlango. Fundi ameunyoosha. Taa kaandika rafiki yake, kwa wema tu, hakujua."

"Mlango upi?"

"Huo nilioingizia kikapu. Huu hapa."

Akarudi akauangalia. Akaupapasa kwa kiganja, akainama kuutazama kwa pembeni kwenye mwanga, kama anavyofanya fundi. Kibonyeo hakukiona, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mteja aone kasoro, angalau nipate la kusema.

"Ungeniambia, Yohana, kama taa zisingeandikwa?"

Hapo ndipo nilipofumba macho.

"Hapana, mama," akasema. "Nisingekwambia."

Bi. Rehema akanyoosha mkono. "Nipe funguo."

Yohana alizitoa kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu alichoazimwa na mkubwa. Macho yake yalikuwa yamejaa. Mimi nilihesabu vidole vyangu kwa kukosa pa kuangalia. Yule mama akazunguka upande wa kulia, akafungua mlango wa dereva, akapandisha gauni kidogo, akapanda. Akarekebisha kiti. Akarekebisha kioo.

"Pandeni nyuma," akasema. "Wote wawili. Mnaniwekea kivuli."

Wanangu, mimi nimepanda na madereva wa kila aina. Yule mama alirudi nyuma kutoka ukutani bila hata kuangalia zile kamera, kichwa nje ya dirisha, akaingia barabarani, akapita Mnara wa Saa, akaingia mtaa wa Uhuru. Nilijua tunakokwenda kabla ya Yohana. Kariakoo ilikuwa imefungana kama kawaida yake, na yeye aliingia humo taratibu, akiwapisha wenye mikokoteni, anawapungia, wao wanamwita bibi. Hakusema na sisi mpaka tulipokwama nyuma ya lori la viazi.

"Lile la kliniki," akasema akiwa anaangalia mbele, "kila tukilileta Dar kutengenezwa linarudi halina taa. Mpaka fundi mmoja wa huku akatuandikia namba kwenye taa na vioo. Tangu hapo nilizoea kulala ndani yake usiku porini, asubuhi naziona namba zile zinawaka jua likipiga. Wanangu wameniletea gari zuri. Mimi nikawa naliangalia naona kuna kitu hakipo, nashindwa kukitaja, naona aibu kwa watoto." Akafuta jicho kwa nyuma ya mkono. "Mwongo wewe, Yohana. Nimekasirika na bado nimekasirika."

"Ndiyo, mama," Yohana akasema.

Nikamwelekeza njia ya uani, maana aliniuliza. Athumani alikuwa amekaa pale pale getini, kimashine mapajani, hajafungasha, hajala. Alipoona gari linaingia na mama yuko kwenye usukani alisimama kwa shida, akavua kofia.

Bi. Rehema akashusha kioo. "Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi, mama. Naomba unisamehe. Kijana hana kosa la taa."

"Mbona vioo vya pembeni hujaandika?"

Athumani akaniangalia mimi, akamwangalia yeye.

"Malizia," mama akasema, akizima gari. "Mimi nakunywa chai kwa huyo mama ntilie hapo. Dereva wangu atakusimamia."